Vitufe Visivyo na Majina

Siku Truphena Ondiek alipokuja kazini kwetu mara ya kwanza, nilimwandalia kiti karibu na dirisha, kisha nikaona haya, maana dirisha lenyewe lingemsaidia nini mtu asiyeona? Alicheka tu. "Niache hapo hapo, binti yangu. Jua la asubuhi ni zuri mgongoni."

Mimi naitwa Wavinya Kiema. Kazi yangu ni kukagua tovuti na programu za simu za ofisi za umma, nione kama kila mwananchi anaweza kuzitumia: asiyeona, asiyesikia, mwenye mikono inayotetemeka, mzee aliyeshindwa na maandishi madogo. Kitengo chetu ni watu watano katika chumba kimoja kando ya Jogoo Road. Wakati huo nilikuwa na mwaka mmoja na nusu kazini, na nilijiona fundi. Tulikuwa na programu ya kompyuta inayopita kwenye tovuti ukurasa kwa ukurasa na kuipa alama kati ya mia. Ikipata tisini, naandika "imepita". Ikipata sitini, naandika barua ya kulalamika. Sikuwa nimewahi hata siku moja kukaa kando ya mtu asiyeona nikamtazama akiitumia tovuti niliyoipitisha.

Mkubwa wetu, Bi Mirriam, ndiye aliyesema inatosha, tuajiri watu wanaoishi na shida hizo wenyewe. Truphena akawa wa kwanza. Alikuwa na miaka hamsini na minane, mnene kiasi, na sweta ya kijani iliyofungwa vifungo vyote.

Aliweka simu yake mezani, akafungua tovuti ya ofisi moja ya umma, akaanza kutelezesha kidole kwenye kioo. Simu ikatoa sauti, lakini sikusikia neno hata moja. Ulikuwa mlio wa mfululizo, kama matone ya maji yakidondokea mafuta ya moto. Nilidhani simu imeharibika.

"Imesema nini, Mama?" nikamuuliza.

"Imesema mengi." Akaanza kunitajia bila kusita: kichwa cha ukurasa, orodha ya huduma saba kwa mpangilio wake, tangazo kwamba ofisi itafungwa Ijumaa. "Halafu chini kabisa kuna nambari ya simu. Ina tarakimu tisa. Inakosa moja."

Nilisogeza kompyuta yangu nikahesabu kwa kidole. Tisa. Ukurasa ule nilikuwa nimeufungua labda mara ishirini.

"Na hao wameandika Kiswahili," akaendelea, "lakini hawakuiambia kompyuta kwamba ni Kiswahili. Kwa hivyo sauti ya Kizungu inakisoma kama mtalii aliyeshuka ndege jana. Mimi nimeizoea. Mwingine ataizima aende zake."

Nilikaa pale nikimtazama. Sijui kama umewahi kuona mtu akifanya jambo mbele yako nawe ukahisi nywele za mikono zikisimama. Ndivyo nilivyokuwa.

Baadaye nilijua alikojifunza kusikiliza hivyo. Surua ilimchukua macho akiwa na miaka saba, huko kwao Ugenya. Akasoma, akafundishwa kazi ya opereta wa simu, akaajiriwa katika ofisi moja ya umma mjini na kukaa huko miaka ishirini na minne. Ofisi ile ilikuwa na laini mia mbili za ndani, zote akizijua kichwani. Alijua sauti za wakubwa na za wafagiaji, akajua nani amelala vibaya kabla hajamaliza kusema hello. Kisha asubuhi moja mafundi wakaja wakang'oa mtambo wake, kwa kuwa kila mtu sasa alikuwa na simu mfukoni. Yeye hawakumng'oa. Walimwachia meza na kiti, akakaa hapo miaka minne bila kazi yoyote mpaka alipostaafu.

"Nilikuwa napangusa meza," aliniambia. "Nairobi nzima hakukuwa na meza safi kama ile."

Binti yake Whitney, muuguzi kule Kisumu, ndiye aliyemtumia simu inayosoma kwa sauti. Truphena alijifunza peke yake, akiongeza kasi ya sauti kidogo kidogo kila mwezi, mpaka ikafika pale ambapo sisi wengine tunasikia kelele tu.

Mwezi wake wa pili kazini tulipewa kazi kubwa. Taasisi moja ya afya ya umma, ambayo jina lake nitaliweka kando, ilikuwa na programu ya simu ya kupanga miadi ya kliniki. Kliniki ya macho ilikuwa humo pia. Kama huna miadi, hupokelewi. Niliipitisha kwenye mashine yetu ikapata tisini na moja. Nilifurahi, nikaanza kuandika ripoti. Lakini utaratibu mpya wa Bi Mirriam ulitaka Truphena aijaribu akiwa nyumbani kwake, kwa simu yake na mtandao wake wa kila siku. Kwa hiyo Jumatano moja, saa nne asubuhi, nilienda kwake, mtaa wa Mbotela.

Anaishi kwenye zile nyumba za zamani za baraza la jiji, chumba na jiko, mlango ukitazama uwanja ambao majirani wanaanikia nguo. Jirani yake Jacklyne alikuwa mlangoni kwake akikata mboga za sukuma na kuongea na wateja. Truphena alinikaribisha chai, akasikiliza nilivyoketi, akasema, "Umekuja na habari njema. Umekaa kama mtu aliyemaliza kazi."

"Imepata tisini na moja, Mama. Tujaribu tu kidogo, niandike imepita."

"Usiandike bado."

Akafungua programu. Alichagua kliniki ya macho bila taabu, akachagua siku, Alhamisi ya wiki iliyofuata, akachagua saa. Ukaja ukurasa wa mwisho. Mimi nilikuwa naona skrini: juu yake kulikuwa na maelezo ya miadi, na chini picha mbili ndogo kando kwa kando, pipa la taka na alama ya tiki. Aliyechora alifikiri kila mtu angeelewa. Truphena alitelezesha kidole.

Safari hii alikuwa amepunguza kasi ili nami nisikie. "Kitufe," ikasema simu. Akatelezesha tena. "Kitufe."

"Viwili," alisema. "Vyote vinaitwa kitufe. Sasa mtu akibakiwa na vitufe viwili mwishoni, atabonyeza cha kwanza, sivyo?" Akarudi nyuma, akabonyeza cha kwanza.

Simu ikanyamaza. Kwenye skrini niliona maandishi madogo mekundu yakitokea sehemu ya juu: Miadi yako imefutwa. Yakakaa labda sekunde tatu, yakapotea. Simu haikuyasoma.

Truphena aliiweka simu mapajani. "Haya. Nina miadi Alhamisi."

Kuku wa Jacklyne aliingia mlangoni akatoka.

"Wavinya?"

"Hapana, Mama," nikasema. "Umeifuta."

Aligeuza uso kuelekea kwangu. Nikamweleza kuhusu pipa, tiki na maandishi mekundu. Hakuuliza mashine yetu ilikosea vipi, lakini mimi nilijiuliza, na jibu likanifanya nione joto usoni. Mashine ilikuwa imetafuta kama kila picha ina jina. Aliyetengeneza aliandika jina "kitufe" kwa kila moja. Jina lilikuwepo, mashine ikaridhika, ikatoa alama. Jina lisilokuambia chochote, mashine haiwezi kulijua.

"Nenda mlango wa tatu kutoka hapa," Truphena akasema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Mwite Mzee Kimeu, naye hupanga miadi ya macho humu. Mwambie aje na simu yake."

Mzee Kimeu alikuwa mchonga vinyago. Kwa miaka arobaini alichonga swala na twiga katika karakana moja kule Baba Dogo, mpaka presha ya macho ilipoanza kumla kutoka pembeni kuingia katikati. Jicho la kulia lilikuwa bado linaona nuru na vivuli. Aliishi na bintiye Ndindi, karani, ambaye siku hiyo alikuwa nyumbani kwa likizo. Walikuja wote wawili. Mzee alipopewa jina langu aliniuliza kwetu ni wapi, nikamwambia Mbooni, akafurahi sana kwamba tunatoka upande mmoja, akanishika mkono kwa muda. Viganja vyake vilikuwa vigumu kama soli ya kiatu.

"Simu ninayo mimi," Ndindi alisema, akaitoa kwenye mkoba. "Nilimnyang'anya mwezi wa tatu. Sipendi kusema mbele yake, lakini akili yake imeanza kuchoka. Amepanga miadi ya macho mara tatu, na mara tatu tumefika kule tukaambiwa, huyu mzee amefuta mwenyewe. Nimeomba ruhusa kazini mara tatu. Mara ya mwisho nilimgombeza njiani mbele za watu."

Mzee alikuwa ameinamisha kichwa.

"Mpe simu," Truphena akasema kwa upole. "Mzee, nionyeshe unavyofanya. Kama kawaida yako tu."

Mzee Kimeu alichukua ile simu, na nikaona jambo ambalo sijalisahau. Vile vidole vinene vilitembea kwenye kioo kwa utulivu wa mtu anayepapasa mti kutafuta mahali pa kuanzia. Hakukosea hata hatua moja. Kliniki, siku, saa. Akafika ukurasa wa mwisho. "Kitufe," simu ikasema. "Kitufe." Akarudi kwenye cha kwanza, akabonyeza, akasubiri. Maandishi mekundu yakaja, yakaondoka.

"Nimemaliza," akasema.

Ndindi alikuwa amesimama nyuma yake, ameyaona yote. Aliweka mkono mdomoni.

"Mama Whitney," mzee akauliza, "nimekosea wapi?"

"Hujakosea popote. Nami nimefanya hivyo hivyo sasa hivi, na watu wa ofisini kwetu wananilipa kwa sababu najua."

Mzee akasema polepole, kama anayeuliza bei ya kitu asichoamini kwamba anaweza kukinunua, "Kwa hivyo si kichwa changu?"

Ndindi alipiga magoti kwenye saruji akamshika miguu. "Nisamehe, Baba. Nisamehe." Akalia, naye mzee akawa anampapasa kichwa na kumwambia ainuke, sakafu ni baridi. Mimi nilitoka nje. Nilisimama kati ya nguo zilizoanikwa nikafuta neno "imepita" kwenye daftari langu mpaka karatasi ikatoboka.

Wiki iliyofuata tulikutana na watu wa taasisi ile katika ofisi yetu. Mkuu wao wa teknolojia alikuwa kijana anayeitwa Owen, mpole, anayejua kazi yake. Alikubali kosa mara moja. Hata hivyo alikuwa na hesabu yake.

"Tutarekebisha, Madam," alimwambia Truphena. "Ila tusikuze mambo. Wasioona wanaotumia programu hii ni wachache sana. Tuna orodha ndefu, hili tutaliweka robo ya mwisho ya mwaka."

"Ni wangapi?" Truphena akauliza.

"Siwezi kujua. Programu haimuulizi mtu kama anaona."

"Lakini inaandika kila miadi iliyopangwa na kila iliyofutwa, na saa yake?"

"Ndiyo."

"Basi nitafutie miadi iliyofutwa kabla ya dakika moja kupita tangu ipangwe. Mtu haamki akapanga kwenda kwa daktari wa macho, akaghairi kwa sekunde ishirini. Halafu uniangalizie kama mtu huyo huyo alirudi akapanga tena, ikafutwa tena."

Owen alifungua kompyuta yake. Tulisikia vitufe vyake vikigongwa, kisha kimya, kisha vikagongwa tena, taratibu zaidi. Bi Mirriam alikuwa ameacha kuandika.

"Hii haiwezi kuwa sawa," Owen akasema. Akahesabu upya. Akainua uso. "Miezi minane. Miadi elfu moja mia moja arobaini na sita. Watu mia nne na saba."

Kisha Owen, kama anayejisemea mwenyewe, akaongeza kwamba jambo hilo lilikuwa limeonekana. Kulikuwa na ripoti ya mwezi wa tano iliyowataja watu hao. Iliwaita wagonjwa wasiojali miadi. Kulikuwa na pendekezo wazuiwe kupanga kwa muda, ili wengine wapate nafasi.

Nilimtazama Truphena, mikono yake imetulia juu ya ile sweta ya kijani. Katika chumba kile ni yeye peke yake aliyekuwa hajawahi kuiona skrini maishani mwake, na ndiye aliyewaona watu mia nne na saba. Sisi wenye macho, na mashine zetu, na alama zetu kati ya mia, tuliwapita hivi hivi.

"Ulijuaje, Mama?" nikamuuliza walipoondoka.

"Mtambo wa simu," alisema. "Mtu mmoja akikatikiwa, labda kijiti cha waya wake kimelegea mtamboni. Watu kumi wakikatikiwa mahali pamoja, huwaiti wao wajinga. Unamwita fundi akaangalie waya. Nilisikia Mzee Kimeu amekatika mara tatu mahali pamoja. Nikajua hayuko peke yake kwenye laini."

Hawakungoja robo ya mwisho. Vitufe vilipewa majina siku tisa baadaye: Thibitisha miadi, Futa miadi. Truphena aliwarudisha mara mbili. Mara ya kwanza maandishi ya mwisho yalikuwa bado hayasomwi kwa sauti, mara ya pili kitufe cha kufuta kilikuwa bado kinatangulia. Owen hakulalamika. Mara ya pili alikuja mwenyewe Mbotela, akaketi kwenye kigoda, akafumba macho na kujaribu kupanga miadi kwa kusikiliza tu. Ilimchukua dakika kumi na nne. Truphena alitumia chini ya moja. "Nipe mwezi," Owen akasema akijipangusa jasho. "Chukua mwaka," akamjibu.

Wale mia nne na saba nao? Taasisi ilitaka kuwatumia ujumbe wa maandishi. Truphena alikataa kabisa. Alisema mtu ambaye ameambiwa miezi minane kwamba ndiye mwenye kosa anastahili kusikia sauti ya mtu ikimwambia sivyo. Kwa hiyo taasisi ilimpa simu na orodha, akaweka orodha kwenye simu yake imsomee, akaanza kupiga. Nilikuwa naye siku kadhaa, kazi yangu kuandika nani amepatikana. Alikuwa na sauti nyingine kabisa kwa kazi ile, laini na iliyonyooka, sauti ya opereta. "Habari ya asubuhi. Naitwa Truphena Ondiek. Napiga kuhusu miadi yako ya kliniki. Kosa halikuwa lako."

Wengine walikata simu wakidhani ni matapeli. Aliwapigia tena. Mwalimu mmoja mstaafu aliuliza kama Truphena anaweza kurudia sentensi ile ya mwisho ili mkewe asikie. Mwanamke mmoja alitukana, akatukana sana, na Truphena akamwacha amalize yote, kisha akampangia miadi.

Mzee Kimeu alikwenda kliniki na Ndindi. Sitasema yalikuwa mazuri tu. Jicho la kushoto daktari alisema limekwisha, na kwamba miezi ile ingeweza kuwa na maana. La kulia walilipatia dawa ya matone, na kile kivuli alichobaki nacho wanajaribu kukizuia kisiondoke. Ndindi alimrudishia simu. Sasa anampigia yeye bintiye akiwa kazini, mara tano kwa siku, mpaka Ndindi anasema ingekuwa afadhali asingemrudishia, kisha anacheka.

Ilipofika mwisho wa orodha walibaki watu kumi na mmoja ambao simu zao hazikupatikana. Tulipewa ruhusa ya kuwafuata walikoandikisha. Mmoja alikuwa mama anayeitwa Ambaro, wa mtaa wa Pipeline, na nilipoona jina la jengo nilisoma mara ya pili. Ni jengo langu. Naishi ghorofa ya pili, mwaka wa tatu sasa. Yeye alikuwa ya saba.

Jumamosi nilipanda ngazi zile ambazo sikuwahi kuzipanda kupita ghorofa yangu. Binti yake Ruqiyo alinifungulia. Ambaro alikuwa ameketi kwenye mkeka, mwanamke mwembamba mwenye uso mtulivu. Simu yake ilikuwa imeibwa, na hiyo waliyonayo sasa ilikuwa ya Ruqiyo. Nilimweleza yote, na nilipomaliza nikamwambia naishi humu humu, chini yao.

"Wewe ndiye wa ghorofa ya pili unayeimba ukifua?" akauliza.

Nilishtuka. Huwa naimba Jumapili tu, na kwa sauti ndogo, nilivyodhani.

"Nakusikia kila wiki," akasema. "Keti, tuipange hiyo miadi."

Nikaketi mkekani. Ruqiyo akawasha sauti ya simu, akamwekea mama yake mkononi, na Ambaro akaanza kutelezesha kidole, kichwa kimeinama upande, akisikiliza.